Sekunde Arobaini za Shangazi Nyamizi

Jumanne, 12 Agosti

Nimepangusa vibao vyote saba kabla ya kengele ya shule. Kibao cha pili mbuzi wamekisugulia pembe tena. Cha sita kimejaa kinyesi cha ndege. Hii ni kazi ya kila Jumanne na naifanya peke yangu, kamati nzima inajua kukalia viti tu.

Njia yetu ya Urithi ina miezi minne sasa. Inapita ndani ya ngitili, lile pori ambalo wazee walilifunga ili majani yapone na ng'ombe wapate malisho kiangazi. Mgeni anaelekeza simu kwenye kibao, kisha anaiinua kuelekea mti. Kwenye kioo mti unatoa maua hata kama si msimu wake, ndege waliohama zamani wanatua, na sauti ya mtu wa hapa kijijini inaeleza. Mara ya kwanza nilipoona nilipiga kelele, na mimi ni mwalimu mzima wa sayansi.

Kituo cha nne ndicho kinachopendwa. Ni mlundalunda wa Shangazi Nyamizi, dada yake marehemu baba. Sasa hivi una maua ya njano ya kweli, hauhitaji simu. Shangazi ndiye aliyenilea, na magome ya mti huo ndiyo aliyoninywesha kila tumbo liliponisokota. Alikataa kurekodiwa mara mbili. Mara ya tatu alikubali kwa sababu nilikuwa mimi. Aliongea dakika sita. Deo, fundi wa programu kutoka Mwanza, akasema watu hawasikilizi zaidi ya sekunde arobaini. Nikakata mwenyewe. Nilibakiza magonjwa yanayotibiwa, na utani wake mmoja: "Hata wachimbaji wangeogea hii, labda dhahabu ingewaonea huruma." Wageni wote hucheka hapo. Nami naringa.

Jumamosi, 16 Agosti

Wageni kumi na mmoja. Wawili walikuja na pikipiki, viatu vya mpira, tope jeupe hadi magotini. Wachimbaji kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu upande wa bondeni. Hawakutaka njia nzima. Waliuliza kituo cha nne tu. Wakasikiliza mara tatu, mmoja akairekodi sauti kwa simu yake.

Nimewaandika kwenye daftari la wageni kwa furaha. Hatujawahi kupata wachimbaji.

Jioni nilipita kwa Shangazi. Mguu unamsumbua, hatoki. Amerudia ahadi yake: mvua za kwanza zikinyesha atanipeleka porini anionyeshe kuchukua dawa na kuchemsha, mikono yangu irithi yake. Hana binti. Ana Mbuke, mke wa mwanawe, anayeishi naye. Mwanamke mkimya, simu yake kiswaswadu cha vitufe, kusoma kwa shida. Shangazi alisema mbele yake kabisa kwamba kazi hii ni ya Kabula, yaani mimi. Mbuke aliendelea kuchambua mchicha. Nilijisikia vizuri, siwezi kudanganya.

Jumatano, 20 Agosti

Kuna jeraha kwenye mlundalunda. Gome limetolewa, ukubwa wa sahani. Nilidhani ni Shangazi kamtuma Mbuke. Sikuuliza. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha.

Jumapili, 24 Agosti

Nimetoka kanisani moja kwa moja hadi ngitili. Majeraha manne. Panga. Moja limeanzia kiunoni mwangu hadi juu kuliko mkono wangu unavyofika. Maji mekundu yamekauka chini yake.

Nikaenda kwa Shangazi. Nikamuuliza kwa kuzunguka, kama ana dawa ya kutosha. Akasema anayo kidogo, alichukua mwaka jana, na harudi kwenye mti mpaka kovu lifunge. Akauliza mti unaendeleaje. Nikasema umetoa maua sana. Hilo ni kweli. Lakini nilimdanganya.

Ndipo nimekumbuka zile dakika tano na zaidi nilizozitupa. Alisema hivi: ukifika, usalimie mti. Chukua upande linakochomoza jua na upande linakozama, kiganja kimoja kimoja, usizungushe kamwe. Ukishatoa, kandika palepale udongo na kinyesi cha ng'ombe. Kisha mwache apumzike. Alisema "mwache apumzike", kama anamzungumzia mzazi aliyetoka kujifungua. Aliyarudia yote mara mbili. Nakumbuka kwamba nilipiga miayo.

Nilikata adabu yote nikabakiza faida. Na utani.

Hata rekodi yenyewe sina. Simu ilijaa picha za harusi ya shoga yangu wa Kharumwa, nikafuta.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimempigia Deo atoe kituo cha nne. Kasema subiri. Wafadhili wa Njia wanakuja tarehe sita Septemba na watu wa wilayani, kituo hicho ndicho watakachotaka kuona, ukikitoa watauliza kulikoni. Baada ya ziara atakitoa.

Nikasema sawa.

Niandike ukweli, nani atasoma. Nilipumua. Nilitaka ziara ipite vizuri. Nilishashona kitenge.

Alhamisi, 28 Agosti

Mama Juma wa dukani kaniambia kule kwenye maduara wanauza magome ya mlundalunda kwa kipande. Wanaoga kabla ya kushuka shimoni. Kuna aliyeoga Jumatatu akapata jiwe zuri Jumanne, basi, imeshakuwa habari. Wanaisambaza sauti ya Shangazi simu kwa simu. "Bibi mwenyewe kasema." Wamempa na jina, Bibi wa Bahati.

Masikini Shangazi, alikuwa anawacheka.

Ningeweza kwenda kwa sungusungu, walinzi wa kijiji. Wangelinda, wanaijua kazi yao. Lakini wangepiga mbiu, kijiji chote kingejua, na Shangazi wa kwanza. Sikwenda. Nimefunga waya wa miiba kuzunguka shina peke yangu, nimechanika mikono. Watoto darasani wameuliza, nikasema paka.

Jumanne, 2 Septemba

Waya umekatwa. Wameuchukua na wenyewe.

Jumamosi, 6 Septemba

Ziara.

Saa mbili asubuhi nilitangulia kuangalia. Gome limetoka pande zote. Mzunguko mzima, kuanzia mizizini hadi juu ya kichwa changu. Mti upo uchi. Maua yamedondoka, yametapakaa chini yamesinyaa. Nilishika kichwa. Nikafikiria kuwapitisha njia ya mkato, cha tatu hadi cha tano. Nikaona watahesabu vibao.

Wakaja. Magari matatu, kofia, maji ya chupa. Kituo cha nne wakainua simu. Kwenye simu mlundalunda ukajaa maua ya njano, nyuki wakazunguka, Shangazi akaongea. Wakacheka palepale wanapocheka wote. Mgeni mmoja mama mtu mzima alifuta machozi, akasema sauti hiyo imemkumbusha bibi yake. Wakapiga makofi.

Hakuna aliyeshusha simu kuutazama mti. Hata mmoja! Nilikuwa nimesimama mbele ya shina nimetandaza kitenge changu kipya kama mtu anayeficha mtoto aliyejikojolea, na wala haikuhitajika. Nilipongezwa. Nilipeana mikono na kila mtu. Nilikula pilau.

Najichukia leo.

Jumatatu, 8 Septemba

Shangazi alikuja mwenyewe.

Majirani walimwambia wageni wakubwa wamelia kwa sauti yake. Akataka na yeye aisikie, hajawahi. Karibu miezi mitano, na mimi sikuwahi kumsikilizisha. Alitembea kwa fimbo na mguu wake ule, Mbuke pembeni. Mimi nilikuwa darasani. Mwanafunzi akaja kuniambia bibi yako yuko ngitili.

Nilikimbia. Nilimkuta amesimama mbele ya mti, kiganja kwenye shina lililochunwa. Hakulia. Hakuuliza nani. Nikasema shikamoo Shangazi. Akasema marahaba. Kisha akasema, "Niwekee hiyo sauti."

Nikaweka. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Utani ulipofika mwisho akabaki anasubiri.

"Mbona nimeishia kwenye mchezo?" akauliza. "Nilikuwa sijamaliza."

Nikaanza habari za programu, urefu, wageni hawana subira. Akanikatiza. Aliyenikata ni simu au ni wewe?

Ni mimi, Shangazi.

Akatikisa kichwa taratibu. Akaugeukia mti, akausalimia, ng'wangaluka, vilevile alivyosema kwenye rekodi. Halafu akasema wabeja, asante. Nilitaka kumshika mkono wakati wa kuondoka. Alimpa Mbuke. Akaniambia, "Rudi shuleni, Mwalimu, watoto wanakusubiri."

Maisha yangu yote ameniita Kabula. Leo kaniita Mwalimu.

Jumanne, 9 Septemba

Deo katoa kituo cha nne. Nimempigia nikiwa nalia, akaogopa, akakitoa. Imemchukua dakika tano. Tano! Wiki mbili nimengoja kitu cha dakika tano.

Jioni nilibeba ndoo ya udongo na kinyesi. Nikakandika shina lote. Mzee Masanja alikuwa anapita na ng'ombe wake, akasimama akanitazama. Akasema gome likizungushwa lote, chakula hakishuki mizizini, mti unajifia taratibu. Nafundisha hilo darasa la sita. Ninalo kwenye andalio la somo, na mchoro nimechora mwenyewe. Nikamwambia najua. Nikaendelea kukandika.

Hatimaye nimekwenda kwa sungusungu. Wamenisikiliza. Kamanda wao kauliza kwa nini sikuja mapema.

Jumapili, 21 Septemba

Nimepeleka sukari kwa Shangazi. Kapokea. Shikamoo, marahaba, karibu uji. Hakuna ugomvi. Afadhali angenitukana.

Nikiwepo alikuja mama mmoja kutoka Kharumwa, tumbo linamsokota, ameinama kabisa. Shangazi alifungua mkebe wake, akatazama ndani, akaufunga. Akamwambia aende hospitali. Yule mama akasema lakini Bibi, mama yangu ulimtibu wewe. Shangazi akasema dawa imekwisha. Hakunitazama wakati anasema. Mbuke ndiye aliyenitazama, mara moja tu, akaingia jikoni.

Jumamosi, 4 Oktoba

Wachimbaji hawaji tena. Bahati imehamia kwingine, nasikia sasa ni maji ya kisima fulani.

Nimepangusa vibao sita. Cha nne nimeking'oa, shimo limebaki. Wageni wawili waliuliza kwa nini namba zinaruka. Nikasema kibao kiliharibika.

Jumanne, 21 Oktoba

Mvua ya kwanza jana alasiri. Nzito, imepiga mabati mpaka tukasimamisha masomo.

Leo ngitili nzima ina chipukizi. Mlundalunda umesimama mkavu. Udongo wangu mvua imeubomoa wote. Nilivunja kitawi kidogo kwa kucha. Hudhurungi hadi ndani.

Jumamosi, 25 Oktoba

Shangazi ameniita asubuhi. Mtoto alikuja na ujumbe, Bibi anasema uje mapema. Niliweka chaki chini nikaondoka na kipindi cha ziada sijamaliza. Mvua zimeanza. Alisema mvua zikianza. Nilivaa viatu vya porini.

Nilimkuta uani, ameshavaa, fimbo mkononi, ungo mdogo umefunikwa kitambaa. Akatazama viatu vyangu. Nadhani alielewa. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, nisaidie kitu. Nimebandika matobolwa jikoni, sina wa kumwachia. Uyaangalie yasiungue."

Mbuke akatoka ndani. Amebeba ndoo. Udongo na kinyesi cha ng'ombe.

Wakaondoka, Shangazi mbele, Mbuke nyuma. Hawakuelekea ngitili. Walipita nyuma ya zizi, nikaingia jikoni nisione wanakokwenda.

Nilikaa na sufuria. Viazi vikavu vinachukua muda, unaongeza maji kidogo kidogo, unapunguza kuni. Simu iliita, Deo, anataka tuongeze vituo vitatu upande wa mto. Niliiacha iite.

Walirudi jua limeshapanda. Mbuke alikuwa na udongo mikononi hadi viwiko, midomo inacheza bila sauti, anayarudia aliyoambiwa asisahau. Alinawa.

Tulikula watatu, na maziwa mgando. Shangazi akasema matobolwa yameiva vizuri. Nikasema wabeja, Shangazi. Nikaosha vyombo, nikarudi nyumbani.