Maji ya Asali ya Wageni wa Zuena

Kwa Mama, Bibi na wote wenye mamlaka jikoni,

Natangaza kwa masikitiko kwamba maji ya asali ya wageni wanaokuja leo kumposa dada Zuena yamepatwa na janga ambalo chanzo chake hakijulikani. Asubuhi Bibi aliyaonja akasema, "Haya ni ya kunawia mikono." Msiwape wageni!

Jana Bibi alichanganya lita mbili za asali na nane za maji, yaani asilimia ishirini. Sasa ni asilimia kumi, maana nusu ya ndoo ilitolewa, ikajazwa maji. Naenda Cheyo kwa Mzee Fikiri kuchukua asali ~~lita moja~~ lita moja na robo, kwa kuwa asali nayo inaongeza ujazo. Andaeni ndoo kubwa zaidi.

Namshuku paka.

Zuena anachungulia begani kwangu. Anauliza, "Wewe, umejuaje ni nusu kamili?"

Haya. Ni mimi na rafiki yangu Nasri, jana baada ya mpira. Dada, usilie, nakimbia. ~~Kosa la Nasri ni asilimia hamsini.~~ Nasri alikunywa kikombe kimoja tu.

Kitindamimba wenu,
Shaban