Kitambaa Ulichomtumia Mama

Mbaga,
S.L.P. 38,
Same, Kilimanjaro.
14 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Sifael,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hujambo huko Ujerumani? Shemeji Irine naye hajambo, na ule mgongo uliokuwa ukimsumbua umepata nafuu? Sisi tuliobaki ni wazima, kwa kadiri watu wanavyoweza kuwa wazima baada ya msiba. Baba anaamka, anakula kidogo, anakwenda kutazama migomba yake na kurudi. Kikohozi chake cha msimu wa baridi kimeanza, maana ukungu mwaka huu umeshuka mapema na nguo hazikauki. Namchemshia tangawizi, anakunywa bila kubisha. Wewe unajua kwamba baba kunywa dawa bila kubisha si kawaida yake.

Simu yako nimeipiga mpaka nimechoka. Irine akipokea ananiambia umelala, au umetoka, na nasikia katika sauti yake kwamba uko hapo hapo karibu naye. Simlaumu. Ndiyo maana nimeamua kuandika, na barua nimempa Yunus, mtoto wa Bi Mwanaasha wa Same mjini, anayekwenda huko na kurudi na biashara yake ya vipuri. Nimemwomba akukabidhi wewe mwenyewe mkononi. Nakusihi uisome hadi mwisho.

Siku ya maziko, tulipokuwa ndiyo kwanza tumetoka kaburini, ulipiga simu, ukasema, "Dada, mimi ndiye niliyemuua mama," kisha ukakata. Nikabaki nimesimama katikati ya watu na simu sikioni. Jibu langu ni hili, mdogo wangu: hukumuua mama. Kile kitambaa chako hakikugusa mguu wake hata kidogo.

Najua utasema nakufariji. Basi acha nikueleze yote kama yalivyokuwa.

Ulipokuja likizo ya mwisho, mama alikuwa anafuma sweta ya baba, wewe ukakaa karibu naye ukamweleza kazi yako. Ulimwambia mnayeyusha kitu kama plastiki laini, mnakipitisha kwenye sindano, umeme unakivuta kutoka kwenye ncha mpaka kinakuwa uzi ambao jicho halioni, mwembamba mara mia kuliko unywele, na nyuzi hizo zikijikusanya zinakuwa kitambaa cheupe kama utando wa buibui. Mama akakuuliza kwa nini kuhangaika na uzi usioonekana. Ukamwambia nyama ya mwili inapoota huhitaji mahali pa kushika, kama maharage yanavyohitaji mti wa kupandia, na kwamba nyuzi zenu zinafanana na zile ambazo mwili wenyewe hujitengenezea. Ukasema ndani ya uzi mnaweza kuweka dawa, ikatoka polepole siku hadi siku. Wengine huko kwenu wanatengeneza mishipa ya damu na magegedu, ile mifupa laini ya magoti, ila wewe unashughulika na vidonda visivyofunga vya watu wenye kisukari. Mama alilishika hilo. Wiki nzima alikuwa akiwaeleza wanawake wa kwaya, nao wakamwomba wewe uje ueleze mwenyewe, ukaona haya.

Kidonda chake kilianzia kwenye kiatu cha mpira cha shamba. Kilimchuna chini ya kidole, yeye hakusikia, kwa sababu kisukari kilikuwa kimeshaua hisia za nyayo. Honorata, muuguzi wa zahanati yetu, ndiye aliyekiona alipokuja kumpima sukari. Alikisafisha kila alipoweza. Kikawa kinafunga juu, chini kinaoza.

Hapo ndipo ndugu walipoanza kukupigia simu. Nakumbuka ulivyotujibu, kwamba bado mnajaribu kwa panya, hakuna binadamu aliyewekewa, na wewe huna ruhusa. Baba mdogo Loth alikuita mtoto aliyesahau kwao. Nilijua maneno yale yalikuchoma. Sikujua yangekufanya ukitume kitambaa.

Yunus alipotuletea ile bahasha mwezi wa Februari, kidole kilikuwa kimeshaanza kuwa cheusi. Tulikuwa sebuleni, mchana: mama, baba, baba mdogo, Honorata na mimi. Nikatoa ile pakiti iliyokuwa ndani. Kitambaa kilionekana kupitia nailoni, cheupe, chepesi, kama ganda la ndani la yai. Maagizo yako nikayasoma kwa sauti. Nilipofika uliposema kisafishwe kwanza kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, nikainuka kwenda jikoni kubandika maji. Sikufichi, mimi nilitaka kukiweka. Nilikuwa nimechoka kunusa harufu ile na kujifanya siinusi.

Honorata akaniuliza, "Dada Rogathe, hiki kimeshawekwa kwa mtu?"

Nikamjibu kwamba bado.

"Basi mimi siwezi kukiweka," akasema. "Mguu huu unatakiwa hospitali, Moshi. Unatakiwa wiki hii."

Baba mdogo akasimama. "Kijana amesoma kwa kahawa ya mlima huu! Leo dawa imefika mezani, mnaitazama kama picha? Rogathe, leta maji, utakifunga wewe."

Mama alikuwa amekaa, mguu wake juu ya kigoda. Akasema, "Loth, kaa." Akakaa. Kisha akasema, "Mguu ni wangu, na mtoto ni wangu. Niacheni niseme."

Akaniomba pakiti. Akaigeuzageuza, akaielekeza dirishani aone nyuzi, asizione. Akatabasamu kidogo. Akasema, "Kazi nzuri. Mikono ya mwanangu ni safi." Halafu akaniuliza, "Waliompa ruhusa ya kukitoa huko ni nani?" Nikasema kwa ninavyoelewa, hakuna. Akatikisa kichwa.

Maneno yake yaliyofuata nayaandika kama alivyoyasema, maana nimeyarudia moyoni mara nyingi yasinipotee. Alisema: "Nikiweka hiki na nikapona, kesho Loth atampigia simu amtumie na mwingine, na mwingine, kabla hajajua kama kinaponya au kinadhuru. Nikiweka nisipone, mwanangu atasema, 'Mimi ndiye niliyemuua mama.' Ataamka na neno hilo na kulala nalo. Bila mguu nitaweza kuishi. Yeye hataweza kuishi na hilo. Simtwishi."

Baba mdogo akasema, "Shemeji, lakini ukifa?"

"Nikifa, nitakuwa nimekufa kwa kisukari, kama dada yangu. Si kwa mkono wa mwanangu."

Baba alitoka nje, nikamsikia akiita jirani mwenye gari.

Ndipo mama akaniagiza nikwambie kwamba amekipokea, na kwamba anashukuru. Alisema usiambiwe kuwa hakukitumia, usije ukadhani amekidharau. Nami nikakuambia hivyo hivyo kwenye simu, "Mama amekipokea." Wewe ukaelewa kwamba kimewekwa. Mimi sikujua umeelewa hivyo mpaka siku ile ya maziko.

Kesho yake tulimshusha Same, tukaenda Moshi. Madaktari walimpima, wakatuambia mguu hauna namna, na wakatuambia jambo lingine ambalo hatukulijua: figo zake zilikuwa zimeharibika sana. Si jana wala juzi. Kwa muda mrefu. Daktari alituonyesha majibu, akamweleza baba taratibu kwamba hata kama mguu ungepona siku ile ile, figo zilikuwa zimeshika safari yake, isiyorudi nyuma. Sifael, hili lisome mara mbili. Wewe ni msomi wa mambo haya kuliko mimi, unajua maana yake.

Walimkata chini ya goti. Kabla hawajamwingiza, alikuja binti mmoja mtafiti wa chuo kikuu, kijana mpole, akavuta kiti akakaa ili asiongee na mama kwa juu. Akamweleza kwamba wanachunguza kwa nini vidonda vya kisukari havifungi, na kwamba angeomba kipande kidogo cha nyama ya kidonda kutoka kwenye mguu utakaokatwa. Akasema mama ana haki ya kukataa, na akikataa atatibiwa vile vile.

Mama akamuuliza maswali mpaka nikaona aibu. Watakiweka wapi? Kwa muda gani? Watu watajua kwamba ni chake? Binti akajibu moja moja. Mwisho mama akasema, "Mwanangu anafanya kazi kama yako. Chukua. Mngenificha nisingewapa, lakini mmeniuliza." Akatia sahihi kwa mwandiko wake ule wa shule, herufi zote zimelala upande mmoja. Kisha akanigeukia, akasema, "Umeona? Hivi ndivyo inavyofanywa. Mwambie Sifael, siku atakayokuja na kitambaa chake kwa njia hii, mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni."

Sikukuambia wakati ule kwa sababu ya lile agizo lake la kwanza. Nakuambia sasa, kwa sababu yeye hayupo, na wewe unahitaji kulisikia.

Alirudi nyumbani mwezi wa Machi. Usidhani alikaa akilia. Alikaa barazani akichambua maharage, akimwongoza baba namna ya kupika makande, na baba akiyaunguza. Alimaliza sweta. Wanawake wa kwaya walikuwa wakija kuimbia hapo hapo kwetu siku ya mazoezi. Aprili akaanza kuvimba uso na mikono. Tukarudi Moshi, wakatueleza habari za kusafisha damu kwa mashine. Mama akasikiliza yote, akaomba arudi kwake. Alifariki mwanzoni mwa Mei, asubuhi, jua likiwa limetoka, mimi nikiwa namsuka nywele. Aliniambia nisimkaze sana upande wa kushoto. Nililegeza. Nilipomaliza msuko ule, alikuwa ameshaondoka.

Ndivyo ilivyokuwa. Sijaongeza wala kupunguza.

Pakiti yako anakuletea Yunus, pamoja na barua hii. Haijafunguliwa. Namna ya kuirudisha ulikoitoa, na utakayemweleza, hilo ni lako. Mimi sijui sheria za huko. Ila ningekuwa wewe ningewaambia ukweli kabla hawajauliza.

Anderson wa baba mdogo ameniambia kwamba unataka kuacha maabara, na kwamba umeshaanza kutafuta kazi ya ghala. Sina elimu ya kukushauri juu ya kazi yako. Kama umechoka nayo, iache. Lakini kama unaiacha kwa sababu unaamini nyuzi zako zilimuua Dorkas binti Elinaza, basi unaacha kwa jambo ambalo halikutokea. Mwezi uliopita Honorata amewapeleka Moshi wagonjwa wengine wawili wa miguu, mmoja wa Kisiwani, mwingine wa hapa hapa mlimani, kijana kuliko mimi. Sikuambii hayo ili nikulazimishe. Ndiyo hali tuliyo nayo.

Baba mdogo Loth amenyamaza sana siku hizi. Alikuja wiki iliyopita akatengeneza uzio wa ng'ombe bila kuombwa, akaniambia nikisema na wewe nikusalimu. Akageuka, akarudi tena: "Mwambie nilisema kwa uchungu." Ukiweza, mpigie. Alimpenda mama, naye hakuwa na la kufanya.

Sasa habari ya kaburi. Wana ukoo walikaa kikao wakataka lijengwe mwezi huu, kabla watu hawajaingia kwenye mavuno. Saruji ilikuwa imeshaletwa kutoka Makanya, na fundi amepatikana. Baba alisikiliza mpaka wote wakamaliza. Akawaambia, "Kaburi la Dorkas halijengwi Sifael asipokuwepo." Mzee mmoja akamwambia kwamba vibali vyako vya huko, vilivyokuzuia kuja kuzika, vinaweza kuchukua hata mwaka. Baba akasema, "Basi litakaa udongo mwaka."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi anakwenda pale na jembe dogo. Mvua ikilimong'onyoa, analipandishia udongo. Ng'ombe akikanyaga, anasawazisha. Nilimwambia baba, pumzika, nitafanya mimi. Akanijibu kwamba analishikilia tu mpaka mwenyewe afike.

Msalimie sana shemeji Irine, mwambie namshukuru kwa kukuvumilia. Huku wanakusalimu baba, baba mdogo Loth na mama mdogo, Anderson, Honorata, na wanawake wote wa kwaya, ambao bado wanaliacha wazi lile benchi la mama. Mungu aliyempumzisha mama akupe na wewe usingizi, akufungulie njia, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kama alivyokupenda yeye,

Rogathe