Maneno Niliyokosa kwa Mama Mkwe

Chiungutwa, Jumatano

Tangu kiharusi kimpate, mama mkwe amesahau Kiswahili chote, amebaki na Kiyao cha utotoni. Mimi Mnyiramba najifunza neno mojamoja kwa jirani, Mama Zuhura.

Leo mama mkwe alisema mengi huku akilia. Nikamwuliza, "Mesi?" yaani maji. Akakisukuma kikombe. Nikamfunika shuka, akalitupa. Nikaishiwa maneno.

Nilimwita Mama Zuhura. Akasikiliza, kisha akainama.

"Mama Hawa," akaniambia, "anamtaka Hamisi. Anauliza mbona mwanawe haji kumwona."

Hamisi, mume wangu, tulimzika mwaka jana. Mama mwenyewe alikuwepo.

"Nimjibuje?" Mama Zuhura akaniuliza.

Mama alikuwa ananitazama mimi, anangoja. Kiswahili nacho kikanikimbia.