Goti Langu Liliponywa na Maombi au na Gia ya Yai?

Mpendwa Shangazi Anita, naomba unisaidie kwa sababu nimechanganyikiwa mpaka naogopa Jumamosi na naogopa Jumapili pia, na zamani nilikuwa nazipenda zote mbili.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kiganjo, nina miaka arobaini na mmoja, na napenda baiskeli kuliko inavyomfaa baba wa watoto watatu. Kila Jumamosi kikundi chetu hukutana Ruring'u karibu na uwanja, tunaendesha hadi Naro Moru na kurudi. Mwezi wa pili goti langu la kulia lilianza kuuma, likawa linauma hata nikipanda ngazi za ofisi ya mwalimu mkuu, na hapo ndipo mambo yote yakaja kwa pamoja. Kwanza, na hili hata mke wangu Nduta hajui, nilienda hospitali nikapigwa picha, daktari akasema hakuna kilichovunjika, nipumzike wiki mbili, nami nikapumzika. Nikiwa bado napumzika, wazee wa kanisa letu wakaniwekea mikono wakaliombea goti, na siku mbili baadaye ukafika mzigo kutoka kwa binamu yangu aliye ng'ambo, gia ya mbele, lile gurudumu la meno linalozungushwa na pedali, lakini hii haikuwa ya mviringo, ilikuwa na umbo la yai, ati inaupunguzia mguu kazi pale unapokosa nguvu, pedali ikiwa juu kabisa au chini kabisa, na kuuongezea pale unapokuwa na nguvu. Fundi wetu Mwai alipoifunga alikitazama kiti akacheka. "Mwalimu, hii kiti umekuwa ukiikalia chini sana," akasema, "ni kama unaendesha ya mtoto." Akakiinua vidole viwili.

Shangazi, goti likapona. Tena si kupona tu, nilipanda mlima wa kuingia Nyeri mjini nikawaacha vijana nyuma, wakaniuliza siri yangu nikawaambia ni gia, na sasa wanne wanataka kuagiza kama yangu. Kesho yake kanisani pasta akaniita mbele nitoe ushuhuda, nikashika maikrofoni, watu wakaitikia, nikanogewa, nikasema Mungu aliligusa goti langu bila daktari, bila sindano, wala sikukanyaga hospitali. Sijawahi kuitikiwa hivyo maishani mwangu, hata darasani.

Nduta alikuwa amesikia maneno ya siku zote mbili. Tukirudi nyumbani akaniuliza, "Kwani Baba Shiro, jana ilikuwa ni gia, leo ni maombi. Kesho itakuwa nini?" Nikajifanya naangalia kiatu.

Sasa kuna jirani yetu, Mama Ngatia, mjane anayeuza viazi sokoni, ambaye goti lake la kushoto limevimba tangu Krismasi na alikuwa aende kliniki ya mifupa Jumanne iliyofuata. Jumatatu alinisimamisha langoni. "Mwalimu, mimi siendi tena huko," akaniambia. "Kama Mungu alikufanyia wewe bila daktari, hata mimi atanifanyia. Si ni hivyo?" Nikamwambia amina, nikaenda kazini. Hizo ni wiki tatu zilizopita, na jana nilimwona akitembea kwa kushikilia ua, akasema siku hizi goti lina joto hata akiligusa juu ya nguo.

Na pasta anataka niende Kutus Jumapili ijayo, kwenye mkutano mkubwa, nikaurudie ushuhuda. Kwa hivyo swali langu ni hili, hizi gia za yai zinasaidia kweli au hazisaidii? Nikilijua hilo nitajua ni nini kiliniponya na nitajua la kusema, kwa sababu sasa nahisi kuna mtu ninayemnyang'anya sifa zake, na sijui kama ni Mungu au ni binamu.

Mwalimu wa Baiskeli, Kiganjo

---

Mwalimu, pole kwa maumivu na hongera kwa kupona. Upole wangu wa leo unaishia karibu na hapo.

Nitakujibu kuhusu gia kwanza, usije ukasema nilikwepa. Mimi baiskeli niliiacha nikiwa darasa la saba, kwa hivyo nilimpigia simu Khadra, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kule Nanyuki ambaye mwenyewe huendesha. Akaniambia, "Kuna wenye wanaipenda sana na kuna wenye hawasikii tofauti yoyote. Wale wamepima hawajakubaliana, na kama inaongeza mwendo, ni kidogo tu. Wengine wanasema goti linapata raha. Lakini si unasema kiti ilikuwa chini? Na alipumzika wiki mbili? Mimi ningeanza na hapo."

Mwalimu mzima umepumzika, ukaombewa, ukabadilisha gia na kuinuliwa kiti, yote kwa muda mfupi, halafu unauliza ni lipi lililofanya kazi. Mwanafunzi akikuletea jaribio la namna hiyo utampa alama ngapi? Rudisha gia ya zamani kwa mwezi mmoja, kiti kibaki pale Mwai alipokiweka, upande mlima uleule huku ukishika saa. Goti likianza kuuma tena, acha, urudi kwa daktari. Hao vijana wanne waambie wasiagize chochote kwanza, wakapimwe viti.

Kuhusu Mungu, usimhangaikie. Mtu anaweza kumshukuru kwa maombi, kwa daktari na kwa fundi mwenye macho, vyote kwa pumzi moja, na hakuna atakayemtoa kanisani kwa hilo.

Sasa tuje kwa lile ulilolizika katikati ya barua. Kuhusu gia umechanganyikiwa, nakubali. Kuhusu maombi pia, sawa. Kuhusu hospitali hukuchanganyikiwa hata kidogo. Ulienda, ukapigwa picha, kisha ukashika maikrofoni ukasema hukukanyaga huko, kwa sababu watu walikuwa wanaitikia vizuri. Na Mama Ngatia aliposimama langoni hakuwa anakupa habari. Alikuwa anakuuliza. Mama wa watu alikuwa bado anataka mtu amwambie aende, akamchagua wewe, nawe ukamwambia amina. Nimekasirika, sitakuficha.

Kwa hivyo usingoje Jumapili. Leo hii mwambie Nduta ukweli, halafu nendeni wote wawili kwa Mama Ngatia. Usianze na gia wala na binamu. Mwambie, "Mama, mimi nilienda hospitali, na kanisani nilidanganya." Kisha nyamaza, umsikilize. Goti lililovimba likaanza kuwa na joto si la kuvumilia nyumbani, kwa hivyo tafuta gari umpeleke wewe mwenyewe, ukae naye kwenye foleni mpaka aitwe. Shule itapata mtu wa kushika darasa lako siku moja.

Pasta naye umweleze kabla ya Kutus. Akikubali usimulie yote, pamoja na picha na daktari, nenda ukasimulie. Akitaka ule ushuhuda wa kwanza, baki nyumbani.

Mama Ngatia atakukasirikia, na ana haki. Mwache akasirike, lakini akasirike akiwa tayari ndani ya gari.

Shangazi Anita