Nani Ataniosha, Mwenzangu

Mwenzangu uliyetangulia,

Nakuandikia kutoka Newala, katika kibanda kile kile tulichojenga tulipopanda mlima kuukimbia moto wa vita kule Masasi. Mahindi yamechanua tangu ulipotuacha. Ungevumilia kidogo, ungeyala. Naandika hivyo kisha najiona mkatili, lakini ndilo ninaloliwaza kila nipitapo shambani. Ile mizizi ya ming'oko uliyoichimba porini kwa mikono yako wakati wa njaa imebaki michache, nami siwezi kuila wala kuitupa.

Homa iliyokuchukua imeniingia mimi pia. Ndiyo maana naandika sasa, mkono ungali unanitii. Nina swali moja tu, na sina mwingine wa kumwuliza. Nani ataniosha?

Ulipokufa, wanawake wa hapa walikuja wakaniambia nitoke nje. Nilikataa. Niliwaambia kwamba sheria inamruhusu mume kumwosha mkewe, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani, hakuna aliyebisha. Nilikuosha kwa maji niliyoyateka mwenyewe bondeni, nikapanda nayo ile njia ndefu ya mawe, mtungi kichwani, kati ya wanawake. "Mwalimu, umekuja kuteka au kutafuta mke?" aliuliza mmoja, na wenzake wakacheka. Niliushika mtungi kwa mikono miwili. Niliogopa maji yasije yakamwagika.

Nawe uliniahidi vivyo hivyo: nikitangulia mimi, utaniosha wewe, mlango umefungwa, asiingie mtu. Hatukuwaza kwamba utatangulia wewe. Sasa nikifa watakuja wanaume. Watanivua. Watamwosha Baba Hadija wanayemjua wao, watamswalia Baba Hadija, watamzika. Na mimi je? Uliyenijua ni wewe peke yako. Nitakuwa kama sikuwahi kuwapo.

Mara ya kwanza nilikueleza siri yangu vibaya, mimi ninayewachapa watoto chuoni kwa kusema bila mpangilio. Nilikuambia kwamba jandoni nilipona kidonda kama wenzangu, nikaimba nyimbo zote, na hakuna hata moja iliyoniingia. Kila waliposema, "Sasa wewe ni mwanamume," niligeuka nyuma nione wanamwambia nani. Basi nilidhani kwamba mimi ni mwanamke niliyekosewa. Ukanipa kaniki yako. Nilijifunga, nikakaa chini, nikangoja moyo utulie. Haukutulia. Niliivua nikalia, kwa sababu tumaini langu lote nilikuwa nimeliweka katika nguo ile. Wewe ulikuwa unapepeta mtama. Ukasema, bila hata kuacha ungo, "Basi nyumba zote mbili si zako. Kaa barazani. Barazani ndiko kwenye upepo."

Nimesoma kwa masheikh wakali, sarufi na sheria, na hakuna aliyewahi kunipa jibu fupi kama hilo. Mimi si mwanamume, wala si mwanamke. Niko hivi. Mbele za watu uliniita Baba Hadija, kama desturi. Tukiwa wawili, uliniita Mwenzangu.

Halafu asubuhi ile ya askari. Vita vilikuwa vimekwisha, waliokunywa maji ya dawa wamekufa au wamejificha, na askari wa Wadachi walikuja kutafuta wapagazi. "Wanaume huku, wanawake huku." Kila mtu alikwenda upande wake. Mimi miguu iligoma. Maisha yangu yote nilikuwa nimekwenda upande wa wanaume bila kuulizwa, na siku ile, na bunduki zile, sikuweza. Nilisimama katikati ya uwanja na kofia yangu.

"Wewe mzee," askari mmoja alisema, "mume au mke?"

Ulitoka katika kundi lako ukanishika mkono. "Huyo ni wangu," ulisema. "Hawezi kubeba hata kuku. Mkimchukua, mtambeba ninyi." Walicheka mpaka wakatusahau.

Huyo ni wangu. Nani atasema hivyo sasa?

Binti yetu amekuja kutoka Chiungutwa kuniuguza. Nilimweleza yote, kwa utaratibu zaidi kuliko nilivyokueleza wewe, kisha nikamwomba aje anioshe yeye siku yangu ikifika. Aliniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Baba, hiyo ni homa."

Nilimwambia kwamba si homa.

"Binti hamwoshi baba yake," alisema. "Wakwe zangu wakisikia, nitawaambia nini?"

Sheria hiyo nilimfundisha mimi, Mwenzangu, na aliisema sawasawa, kama nilivyomzoeza. Nilimjibu, "Hutamwosha baba. Utamwosha mwenzake mama yako." Alichukua mtungi wako akatoka.

Alirudi jua limeinama, amechoka, miguu ina vumbi mpaka magotini. Aliuweka mtungi pembeni, pale ulipokuwa ukilala, akaufunika kwa ungo wako. "Haya si ya kunywa," alisema, akaenda kuwasha moto.

Sikumwuliza ni ya nini. Naogopa kuuliza. Pengine ameyaweka ya kuniosha mimi, aje aniambie siku nyingine kwamba amekubali. Pengine ni ya kupikia tu. Akinijibu vingine, sitakuwa na la kushikilia.

Homa ina kiu kali. Usiku na mchana nautazama mtungi ule, na mdomo umenikauka hata kalamu naona uzito wake. Nakuahidi kwamba sitayagusa maji hayo. Yatanikuta hapa yakiwa kamili, na mimi nikiwa kamili, kama ulivyoniacha.

Lala, Mwenzangu. Huko uliko, kama kuna baraza, nishikie nafasi.

Mimi,
Wako