Barabara Niliyoandika Kuwa Yetu

Tulipofika,
Njia ya Bahati,
Nakuru.

Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa mwanangu Jannat,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta na afya, wewe na Musab na mjukuu wangu Ilwad, na kwamba joto la huko Perth bado halijaanza kuwachoma. Picha ya Ilwad akiwa na sare ya shule ilitufikia. Shangazi yako Kinsi ameibandika kwenye mlango wa kabati, na jirani akija kuomba chumvi hapewi mpaka aitazame na kusema mtoto anafanana na nani. Wengi humtaja marehemu baba yako. Mimi pia naona paji la uso ni la Alamin.

Sisi hatujambo. Magoti yangu hulalamika asubuhi, ikifika saa nne yanazoea. Kinsi bado anakwenda kusafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa, na daktari anasema mashine inamfaa mradi asikose hata siku moja. Hilo la kutokosa ndilo limenifanya nikuandikie kwenye karatasi badala ya kukupigia simu, maana ndani ya bahasha hii kuna fomu inayohitaji sahihi yako. Naomba usome barua yote kabla ya kuishika kalamu.

Mvua imeanza. Udongo wa huku unaujua, ni kama jivu, maji yakiupata hauna msimamo. Nao mji umekuwa mkubwa kuliko mitaro yake. Tangu tuitwe jiji, nyumba zimepanda pande zote mbili za njia ya Bahati, lakini maji yote hayo yanatafuta mifereji ileile ya zamani. Mwezi uliopita ardhi ilifunguka katikati ya barabara ya mtaa wa jirani, shimo linaloweza kumeza trekta. Waliweka matawi kuwaonya madereva. Matawi yamekauka, shimo liko palepale.

Kwa sababu hiyo wakuu wa jiji wametoa pendekezo: kila safari inayoitwa kwa simu, iwe ya gari au ya pikipiki, itozwe shilingi ishirini, na fedha hizo ziende kwenye barabara, mitaro na taa tu. Usidhani ni jambo dogo. Siku hizi hapa Nakuru watu wengi wasio na gari huita teksi za simu, wagonjwa hasa. Shangazi yako ni mmoja wao.

Shida yake ni kwamba hazifiki. Kutoka lami mpaka mlango wetu ni hatua elfu moja na mia mbili, na sasa katikati pamechimbika kiasi kwamba mtu mfupi akipita mle unaona kofia tu. Kwanza madereva hawalielewi jina la mtaa. Juzi nilimsikia Kinsi akizungumza na mmoja kwenye simu.

“Mathe, uko wapi?”

“Niko Tulipofika.”

“Hatujafika, mathe. Mimi ndio natoka Section 58.”

“Sikuulizi umefika wapi! Nimesema mimi niko Tulipofika.”

“Sasa kama ulishafika, gari unaliita la nini?”

Tulicheka, hata yeye Kinsi. Lakini dereva yule alipofika mwisho wa lami na kuiona njia yetu, alifuta safari. Wengi hufanya hivyo. Ijumaa ya tarehe 24 Oktoba walifuta watatu, mmoja baada ya mwingine, na mvua ilikuwa kubwa mno kwake kutembea mpaka lami. Kinsi alikosa zamu yake ya mashine. Kufikia Jumapili miguu yake ilikuwa imevimba na alikuwa hawezi kulala chali bila kukosa pumzi. Sikukuambia wakati ule kwa sababu ungekosa usingizi bure. Nakuambia sasa kwa sababu si bure tena.

Dereva anayekubali kuingia ni mmoja tu, mwanamke aitwaye Jerotich, ana gari dogo jeupe, lakini hapatikani kila siku; akikosekana, Kinsi hutembea mpaka lami. Ni mzaliwa wa Keringet. Siku ya kwanza aliponiuliza nilitoka wapi kabla ya hapa, nilimwambia nilitoka kwao, kwenye duka lenye mlango wa kijani. Akasema bibi yake alikuwa akinunua sukari pale, na kwamba sasa panauzwa dawa za mifugo. Aliniuliza kama ningependa siku moja anipeleke nikapaone. Nilimjibu kwamba nimefurahi kujua kuwa bado ni duka.

Jerotich ameniambia wazi: “Mzee, mimi nakuja kwa sababu ya huyu mama. Lakini shoki za gari nimebadilisha mara mbili mwaka huu kwa mashimo haya. Mwaka ukiisha, sitaweza.” Siwezi kumlaumu. Gari ndilo linalolisha watoto wake.

Ni yeye aliyenitaka niende kwenye mkutano wa maoni. Ukumbi ulijaa madereva. Walisema kampuni za teksi za simu zinakata fungu lao, mafuta yamepanda, na abiria wakiongezewa shilingi ishirini watatembea. Mmoja alisimama juu ya kiti. “Boss, mnatutoza kwa sababu tuko kwenye simu, mnatuona! Yule wa lori la mchanga anayevunja barabara mbona hamumuoni?” Alipigiwa makofi, na nadhani alistahili. Mwenye gari lake mwenyewe hatalipa kitu, na mgonjwa asiye na gari atalipa mara nne kwa wiki, kwenda na kurudi.

Hata hivyo mitaro haitajichimba. Nilipopewa nafasi nilisema ninakubali ada hiyo kwa masharti mawili: kila mwezi ibandikwe mlangoni mwa ukumbi orodha ya kilichotengenezwa, na safari za hospitali zisitozwe. Kutoka nyuma kijana mmoja akapaza sauti, “Mzee, hapo umetumaliza! Kila mtu ataenda hospitali. Hata klabu zitaitwa hospitali!” Sharti la pili likafia kwenye kicheko hicho. La kwanza waliliandika.

Baada ya mkutano nilimfuata mhandisi wa barabara, Bi Jemutai, nikamwuliza kama njia ya Tulipofika itapata chochote. Alifungua tarakilishi yake, akatafuta, kisha akaniomba niende ofisini kesho yake. Nilipokwenda alikuwa ameweka faili la zamani mezani.

“Mzee, nimeangalia,” alisema. “Fedha hizi zitatumika kwenye barabara za umma peke yake. Hiyo yenu haiko kwetu. Iko ndani ya hati ya kikundi.”

Nilimwambia haiwezekani, nimekuwa nikiandikia baraza la mji tangu likiwa baraza.

“Najua. Barua zako kumi na moja ziko hapa. Lakini kuna fomu ya mwaka 1994. Aliyeijaza ana mwandiko mzuri sana.”

Niliutambua mwandiko kabla sijavaa miwani.

Wewe ulikuwa mdogo, kwa hiyo nitakueleza. Tulifukuzwa Keringet mwaka 1992, wakati wa mapigano ya kikabila, tukaondoka na nguo tulizovaa tu. Miaka miwili baadaye, familia arobaini na tatu zilizofukuzwa sehemu mbalimbali, Waislamu kwa Wakristo, tulichanga na kununua kipande cha shamba la zamani la mzungu, hapa tulipo. Wadhamini wa hati walikuwa watatu: baba yako, mimi, na Kiarie, ambaye shamba lake la Keringet lilipakana na duka letu. Mimi nilikuwa katibu kwa kuwa nilisoma. Mpima ardhi alileta fomu yenye swali: je, njia ya ndani ikabidhiwe kwa umma? Alitushauri tukubali. Baba yako alisema, “Tusitoe hata unyayo.” Hakuna aliyempinga, na mimi ndiye wa mwisho ambaye angempinga. Niliandika: “La. Barabara ibaki yetu.” Nakumbuka nilivyolipigia mstari neno la mwisho.

Halafu kwa miaka thelathini na moja nikawa nawaandikia wakuu kuwauliza kwa nini wameisahau barabara yetu. Bi Jemutai alinisomea mojawapo ya barua zile. Ilikuwa na Kiswahili safi. Kila mahali nilipolalamika niliandika “barabara yetu, barabara yetu,” na karani wa pale, nadhani, alikuwa akisoma na kukubaliana nami. Ilikuwa yetu. Majirani wote wamewalaumu wakuu kwa kosa ambalo lilikuwa mkononi mwangu.

Kuna njia ya kulirekebisha. Wadhamini wakitia sahihi kuikabidhi njia hiyo kwa umma kabla ya tarehe 15 Desemba, itaingizwa kwenye orodha ya kwanza. Tukichelewa, tutasubiri orodha nyingine, na hakuna anayejua itafunguliwa lini.

Nilikwenda kumwambia Kiarie. Ana miaka themanini na moja na masikio bado ni mazima. Kwanza alicheka mpaka akakohoa. “Nasrudin, wewe na kalamu yako!” Kisha akaacha kucheka. “Shamba la Keringet nililiacha nikikimbia. Hili unataka nilitoe nikiwa nimekaa kwenye kiti, nikinywa chai?”

Na mimi moyoni nilikuwa nikisema hivyohivyo. Nilimaliza chai nikarudi nyumbani.

Jumanne iliyofuata Kinsi alikuwa akitembea kwenda lami, maana gari la Jerotich lilikuwa kwa fundi. Nyumba ya Kiarie iko katikati ya njia, na nje ya lango lake kuna jiwe pana. Shangazi yako hukaa pale kupumzika. Kiarie alitoka kumsalimu kama kawaida yake, akamwambia anashukuru sana kwa kumtembelea mara kwa mara hivi. Kinsi akamwambia, “Kiarie, Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, nani huwa anatembelea watu hivyo? Nimechoka. Nakalia jiwe lako kwa sababu siwezi kufika.”

Kiarie alikuwa amedhani ni salamu. Miezi minane.

Jioni ile alikuja kwetu mwenyewe na kutia sahihi. Alikuwa na neno moja tu. “Safari hii uandike sababu. Siku ile hukuandika sababu.” Fomu ina nafasi ya mistari minne kwa ajili hiyo. Ilinichukua siku mbili, mimi ambaye huandika barua ya kurasa nne kabla chai haijapoa. Nilichoandika mwishowe ni hiki: “Tunaitoa ili gari lifike mlangoni.” Kisha nikatia sahihi chini ya Kiarie.

Nafasi ya tatu ilikuwa ya baba yako na sasa ni yako, mrithi wake kwenye hati. Sitakudanganya kuhusu lolote. Huenda ada yenyewe isipite, maana madereva wanatishia kugoma. Ikipita, huenda njia yetu ikawa ya ishirini kwenye foleni. Bi Jemutai alisema, “Siwezi kukuahidi mwaka, mzee. Naweza kukuahidi orodha.” Tukishaitoa hatuwezi kuidai tena, wala kuweka lango. Na sitakuambia kwamba Alamin angekubali kama angekuwa hai. Sijui. Nilimfahamu miaka hamsini na minane na bado sijui.

Ninachojua ni kwamba yeye na mimi tulishika ardhi ile kwa nguvu kiasi hicho ili dada yetu asifukuzwe tena, na sasa hakuna anayemfukuza, ila hawezi kutoka.

Ukikubali, tia sahihi mbele ya wakili wa huko, agonge muhuri, kisha uirudishe fomu yenyewe kwa kampuni ya vifurushi. Nakala ya simu hawaipokei. Ukikataa, niandikie tu kwamba umekataa. Hutaulizwa sababu na mtu yeyote wa nyumba hii, na mapenzi yangu kwako hayatapungua.

Kiarie na mkewe Wachuka wanakusalimu sana, na Wachuka anauliza kama Ilwad ameanza kula ugali. Jerotich, ambaye hujakutana naye, anakutumia salamu kwa kuwa amesikia habari zako njia nzima. Msalimie Musab, mwambie dua zake zinatufikia. Mola awalinde nyote katika nchi ya watu, awape riziki isiyo na mashaka, na atukutanishe tukiwa na nguvu za kukumbatiana.

Ni mimi nikupendaye tangu ulipobebwa mgongoni,

Ami yako,
Nasrudin

Baada ya sahihi: Shangazi yako ameisoma barua hii akasema nimezunguka mno. Ameniamuru niandike maneno yake kama alivyoyasema, nami nayaandika: “Jannat, weka sahihi. Vile viatu vyeupe ulivyonitumia Idi vingali kwenye boksi, na mimi si wa kuvaa viatu ndani ya nyumba.”