Damu Yangu, Jina la Kaka

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla kaka yangu hajafa, maana nimefanya jambo ambalo sijamwambia hata mchungaji. Mimi ni Reverien, mkulima wa Busunzu, Kibondo, na kaka yangu Pasikali anaugua moyo mwaka wa tatu sasa, miguu inavimba, akipanda kilima kidogo tu anahema, na mwezi wa tatu daktari mgeni wa utafiti alitaka damu yake ipelekwe Ulaya, kwa sababu moyo ukizidiwa humwaga kitu fulani ndani ya damu na huko wana mashine ya kukipima, lakini Pasikali ni mzee wa kanisa, akaogopa kwamba watampima UKIMWI kimyakimya, akanivuta pembeni akasema, "Nenda wewe, mpimaji hajui sura zetu," nami nikachukua kadi yake, nikaitikia jina lake, nikanyoosha mkono.

Majibu yalirudi baada ya miezi miwili, daktari akafurahi, akasema moyo una nafuu kubwa, akapunguza vidonge vya kutoa maji mwilini hadi nusu, na sasa Pasikali hawezi kulala chali, anasinzia ameketi, tumbo limejaa, na mkewe Claudine ananiuliza, "Shemeji, mbona anapona kwenye karatasi tu?" nami naangalia chini, kwa kuwa Pasikali ameniapisha: nikisema, mimi si ndugu yake tena. Nifanye nini?

Jibu

Reverien (majina yenu nimeyabadilisha), barua yako ilikaa njiani siku tisa, kwa hiyo sikungoja gazeti litoke. Siku ileile nilikutumia telegramu: MPELEKE LEO SEMA KWELI. Kama uliipata ukaificha mfukoni, itoe.

Najua ni vigumu kumkatalia mkubwa wako. Lakini daktari anamtibu mgonjwa kwa majibu ya damu ya mtu mwenye afya, na wewe unajua, na umekaa kimya. Huo si utii.

Mwambie Claudine kwanza. Yeye ndiye anayemuuguza. Usimwongezee mgonjwa vidonge kwa kukisia, dozi ataipanga daktari. Ukifika mbele ya daktari huyo sema, "Damu ile ilikuwa yangu," basi, usiipambe. Atakasirika. Mvumilie, kisha Pasikali apimwe upya. Na hofu yake ina dawa nyepesi: aulize damu inapimwa nini, na kipimo asichokitaka akikatae waziwazi.

Akikukana mbele ya kanisa zima, mwache akukane. Ili mradi awe na pumzi ya kusema.